Baba Aliyemnyoa Binti Yake Nywele

Msomaji mpenzi, leo nataka kukusimulia habari za msichana mmoja wa India, jina lake Shafali Verma, ambaye kazi yake ni kucheza kriketi. Najua utaniuliza, "Mzee, sisi wakulima wa kijijini tuna shauri gani na kriketi, tena ya wasichana wa Kihindi?" Swali hilo ni la haki. Hata mke wangu aliniuliza vivyo hivyo. Nakuomba tu univumilie mpaka mwisho, kwani habari hizi zilifika mpaka barazani kwangu, zikagusa kidonda ambacho mimi nalidhani kimekwisha kupona.

Kwanza nikueleze jinsi nilivyoujua mchezo huu. Toka mwaka 1976 hata 1980, nikiwa kijana, nalifanya kazi Dar es Salaam ya kufyeka majani katika kiwanja kimoja cha kriketi. Waliocheza pale walikuwa hasa Wahindi wa mjini. Siku za kwanza niliona ni upuuzi mtupu. Watu wazima wamevaa nguo nyeupe, wamesimama juani kutwa, na mara moja moja mmoja wao anakimbia! Lakini mtu hawezi kukaa miaka minne kando ya ngoma asijue mdundo wake. Mwisho nikawa naujua mchezo kuliko wengine waliolipa kuingia.

Mchezo wenyewe ni huu. Timu ni mbili, na kila timu ina watu 11. Katikati ya kiwanja pana njia fupi, urefu wake yapata mita 20, na kila mwisho wa njia vimesimikwa vijiti vitatu. Mtu wa upande mmoja anatupa mpira mgumu kwa nguvu ili aviangushe vile vijiti. Mtu wa upande wa pili amesimama mbele yake na ubao mkononi, avilinde vijiti na kuupiga mpira uende mbali. Ukienda mbali, yeye na mwenzake wanakimbia kubadilishana mahali, na kila wakipishana wanapata mkimbio mmoja. Mpira ukibingirika mpaka ukavuka mpaka wa kiwanja, ni mikimbio minne. Ukivuka hewani bila kugusa chini, ni sita. Lakini vijiti vikiangushwa, au mpira wako ukidakwa kabla haujagusa chini, umetoka. Waweza kungoja zamu yako tangu asubuhi, ukatoka kwa mpira wa kwanza. Nalipata kuona watu wazima wakitoka kiwanjani hivyo na machozi machoni.

Basi, Jumapili tarehe 2 Novemba 2025, mjukuu wangu wa kiume anayesoma mjini alikuwa nyumbani. Akaniambia, "Babu, wewe si mtu wa kriketi? Leo wanawake wa India na Afrika ya Kusini wanacheza fainali ya Kombe la Dunia." Akaiegemeza simu yake kwenye kibuyu cha maji, nasi tukakaa barazani. Binti yangu wa kwanza, ambaye amerudi kuishi nasi baada ya kufiwa na mumewe, alikuwa hapo akibangua karanga za mbegu. Pembeni yake alikaa bintiye wa miaka 12. Mvua huko India ilichelewesha mchezo, ukaanza yapata saa nane na nusu mchana kwa saa zetu.

Msichana mmoja wa India akawa anaupiga mpira kana kwamba ana ugomvi nao. Mjukuu wangu akasema, "Huyo ndiye Shafali. Wiki iliyopita hakuwamo hata katika timu." Nikamwambia anisimulie habari zake tangu mwanzo. Na hapo, msomaji, nami nakusimulia wewe.

Shafali alizaliwa tarehe 28 Januari 2004 katika mji wa Rohtak, jimbo la Haryana, kaskazini ya India, si mbali na mji mkuu. Haryana ni jimbo la wakulima wa ngano na wafuga nyati, watu wa jembe kama sisi. Lakini lilijulikana pia kwa jambo la huzuni. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2011, kwa kila wanaume 1,000 walipatikana wanawake 879 tu. Na kwa watoto ambao hawajatimiza miaka saba, kwa kila wavulana 1,000 walikuwako wasichana 834. Pengo hilo halikuja lenyewe. Wazazi wengi walitaka wavulana, na wengine waliwakataa wasichana hata kabla hawajazaliwa.

Katika nchi kama hiyo akapatikana baba mmoja, Sanjeev Verma, mwenye duka dogo la vito. Alipenda sana kriketi, naye mwenyewe katika ujana wake hakupata mtu wa kumfikisha mbali. Mwaka 2013 mchezaji mashuhuri kuliko wote wa India, Sachin Tendulkar, alikuja kucheza Lahli, kijiji kilicho karibu na Rohtak. Watu walifurika. Katika umati ule alikuwako Shafali, umri wake miaka tisa, pamoja na baba yake. Alitoka pale anataka jambo moja tu, naye ni kucheza kama yule mtu.

Baba akampeleka kwenye vyuo vya kriketi vya mjini. Akaambiwa, hatuchukui wasichana. Sasa fikiri, msomaji, wewe ungefanyaje? Wengi wetu tungesema, "Mwanangu, umeona, wamekataa, haya, twende nyumbani ukamsaidie mama." Yeye hakusema hivyo. Alimnyoa binti yake nywele zikawa fupi kama za mvulana, akamrudisha uwanjani. Watoto wa umri ule wote wanafanana, na hakuna aliyetambua. Siku moja kaka yake Shafali, jina lake Sahil, aliugua, na ilikuwa siku ya mashindano ya watoto wa chini ya miaka 12 katika mji wa Panipat. Baba akampeleka Shafali badala yake. Akacheza katikati ya wavulana, naye akatangazwa mchezaji bora.

Majirani walicheka. Walisema mtoto wa kike hana faida kiwanjani, na kwamba baba huyu anapoteza wakati na fedha. Maneno hayo sina haja ya kukufasiria, kwani sisi tunayo yetu ya namna ile ile.

Mwezi wa Septemba 2019 Shafali aliitwa katika timu ya taifa ya India, umri wake miaka 15. Mchezo wake wa kwanza ulikuwa mjini Surat, dhidi ya Afrika ya Kusini. Unajua alipata mikimbio mingapi? Sifuri. Alicheza mipira minne akatoka. Baada ya wiki moja wakampa nafasi nyingine, akapata 46. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, katika visiwa vya West Indies, alipata 73 katika mchezo mmoja, akawa Mhindi mwenye umri mdogo kuliko wote, mwanamume au mwanamke, kupata kufikisha 50 katika mchezo wa mataifa. Aliyeishika sifa hiyo kabla yake, kwa muda wa miaka 30, alikuwa Sachin Tendulkar, yule yule aliyekwenda kumtazama na baba yake.

Mwanzoni mwa Machi 2020 alihesabiwa kuwa mpigaji wa kwanza duniani kwa wanawake katika michezo mifupi. Siku chache baadaye, tarehe 8 Machi, India ilikutana na Australia katika fainali mjini Melbourne, mbele ya watu 86,174. Shafali alikosa kumdaka Alyssa Healy wa Australia mwanzoni kabisa, na mama yule akaendelea mpaka mikimbio 75. Ilipofika zamu ya Shafali mwenyewe, alipata mbili tu akatoka. India ikashindwa vibaya. Msichana wa miaka 16 alilia mbele ya dunia nzima.

Hakuacha. Mwaka 2021, katika mchezo wake wa kwanza wa siku nne, dhidi ya Uingereza mjini Bristol, alipata 96 na tena 63. Januari 2023 alikuwa nahodha wa wasichana wa India wa chini ya miaka 19 katika Kombe la Dunia la kwanza la umri huo, lililochezwa Afrika ya Kusini. Alitimiza miaka 19 tarehe 28, na kesho yake wakaishinda Uingereza katika fainali. Alipohojiwa baadaye alishindwa kuyazuia machozi, na safari hii yalikuwa ya furaha.

Hapo nikuambie jambo lililonifurahisha mimi Mwafrika. Katika mashindano hayo hayo walikuwako wasichana wa jirani zetu wa Rwanda. Waliishinda Zimbabwe, na katika mchezo huo Henriette Ishimwe aliwatoa wapigaji wanne kwa mipira minne iliyofuatana. Kisha wakaishinda West Indies, nchi zenye jina kubwa katika mchezo huu tangu zamani. Usidhani, basi, kwamba kriketi ni ya watu wa mbali tu. Hata hapa kwetu Tanzania timu ya taifa ya wanawake ipo.

Nami sitaficha habari za fedha, kwani najua wazazi huziuliza. Mwezi wa Oktoba 2022 wakuu wa kriketi wa India walitangaza kwamba wanawake wa timu ya taifa watalipwa kwa kila mchezo sawasawa na wanaume. Februari 2023 timu ya Delhi ilimchukua Shafali katika ligi mpya ya wanawake kwa rupia milioni 20. Ni mali nyingi. Lakini tazama miaka. Fedha hizo zilikuja yapata miaka kumi baada ya baba kushika mkasi. Siku alipomnyoa binti yake, ligi hiyo haikuwako, wala hapakuwa na mtu aliyemwahidi hata senti. Na jambo jingine: mwaka ule ule wa 2023 Shafali alifanya mtihani wake wa darasa la 12 akafaulu vizuri. Uwanja haukumtoa shuleni.

Mwezi wa Juni 2024, mjini Chennai, alipata mikimbio 205 katika mchezo mmoja dhidi ya Afrika ya Kusini. Alifikisha 200 kwa mipira 194, na katika michezo mirefu ya wanawake hakuna aliyepata kufikisha hesabu hiyo upesi namna ile. Ungedhani sasa amefika. Kumbe sivyo. Katika michezo ya siku moja mikimbio ilipungua, na mwezi wa Novemba 2024, India ilipotaja wachezaji wa kwenda Australia, jina lake halikuwamo katika timu ya michezo hiyo.

Na hapa ndipo binti yangu alipoacha kubangua karanga akasikiliza. Siku mbili kabla ya habari hiyo, baba yake Shafali alikuwa ameshikwa na ugonjwa wa moyo, amelazwa hospitali. Shafali mwenyewe alikuja kuwasimulia waandishi wa magazeti kwamba alimficha baba yake habari ya kuachwa. Alingoja kama juma zima mpaka mzee apate nafuu, ndipo akamwambia. Yaani yule aliyebebwa tangu utoto, sasa yeye ndiye aliyembeba mwenziwe.

Alirudi kuchezea jimbo lake. Mwezi wa Desemba 2024 alipata mikimbio 197 dhidi ya Bengal, na hata hivyo timu yake ikashindwa! Fikiri kufanya kazi ya watu watano na mavuno yasitoshe. Sisi wakulima twayajua hayo. Mwaka ambao umelima vizuri kuliko wote waweza kuwa ndio mwaka wa ukame. Naye alifanya kama mkulima anavyofanya, akarudi shambani msimu uliofuata.

Kombe la Dunia la mwaka 2025 lilipokuja, tena jina lake halikuwamo. Michezo ikaanza, yeye akiwa Surat anachezea jimbo lake. Ndipo tarehe 26 Oktoba mpigaji mmoja wa India, Pratika Rawal, akaumia mguu. Shafali akaitwa. Katika nusu fainali dhidi ya Australia alipata mikimbio kumi tu, lakini wenzake wakashinda. Kisha ikaja ile Jumapili.

Basi sasa turudi barazani kwangu. Shafali na mwenziwe Smriti Mandhana walifungua kazi kwa mikimbio 104 kabla ya mmoja wao kutoka. Shafali aliendelea mpaka 87 kwa mipira 78. India ikafikisha 298. Afrika ya Kusini walipoanza kupiga nao wakaenda vizuri, wakiongozwa na nahodha wao Laura Wolvaardt, na pale kwetu tukaanza kunyamaza. Nahodha wa India, Harmanpreet Kaur, akafanya jambo la ajabu: akampa Shafali mpira autupe, ijapokuwa kutupa si kazi yake hasa. Akawatoa wapigaji wawili, mmoja baada ya mwingine. Mjukuu wangu wa kike alipiga kelele mpaka kuku wakashtuka mtini. Yapata saa tatu na nusu usiku mambo yakaisha. Afrika ya Kusini 246, India imeshinda kwa tofauti ya mikimbio 52. Lilikuwa Kombe la Dunia la kwanza kwa wanawake wa India, baada ya kushindwa katika fainali za mwaka 2005 na 2017. Shafali, ambaye wiki moja kabla hakuwamo katika timu, alitajwa mchezaji bora wa fainali. Alikuwa na miaka 21.

Mjukuu wangu akazima simu ili kuokoa moto wake. Tukabaki gizani na kibatari. Ndipo binti yangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Baba, yule baba yake alimnyoa nywele kweli?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mwanangu, ili wampokee."

Akakaa kimya kidogo, akaokota karanga moja iliyoanguka. Kisha akasema, "Mimi nywele zilikuwa zimekwisha kunyolewa, Baba. Ilibaki ruhusa tu."

Msomaji, sina budi kukueleza maana ya maneno hayo, hata kama ni aibu yangu. Mwaka 1996 binti huyu alikuwa na miaka 13, yuko shule ya msingi, na kichwa chake kimenyolewa kama wasichana wote wa shule. Alikuwa na mbio. Nasema mbio, si kukimbia kwa watoto. Alikimbia bila viatu, akawashinda wasichana wa shule zote za tarafa yetu, na siku moja akawashinda na wavulana wa darasa lake. Mwalimu wa michezo akaja nyumbani kwangu kuniomba ruhusa. Alitaka aende kambini mjini majuma matatu, kisha kwenye mashindano ya mkoa. Nikasema nitafikiri. Akaja mara ya pili. Mara ya tatu alikuja jioni, akaketi chini ya mwembe, na binti yangu ndiye aliyemletea maji ya kunywa. Akasimama nyuma ya mlango akasikiliza.

Nalimwambia mwalimu maneno mengi. Nalisema ni wakati wa mavuno. Nalisema nani atateka maji. Nalisema binti yangu hawezi kuvaa kaptula na kukimbia mbele ya watu nisiowajua. Yule mwalimu alikuwa kijana mwenye adabu, akasema, "Haya, Mzee, mtoto ni wako," akaenda zake. Hakurudi tena. Na binti yangu hakuniuliza neno. Kesho yake alikwenda kuteka maji, naye alikwenda kwa kutembea polepole. Tangu siku hiyo sikumwona akikimbia. Mimi nilifurahi, nikasema moyoni, "Sasa amekuwa msichana mwenye heshima."

Miaka ikapita karibu 30. Aliolewa, akazaa, akafiwa. Hakupata kunilaumu hata mara moja mpaka usiku ule, na hata usiku ule sijui kama ni lawama. Alisema kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Lakini nalilala macho wazi mpaka jogoo la kwanza. Nalijua mchezo wa kriketi miaka minne, nikawaona watu wazima wakilia kwa ajili ya mpira, nikawahurumia. Machozi ya mtoto wangu mwenyewe nyuma ya mlango sikuyaona.

Sisemi kwamba binti yangu angekuwa bingwa. Huenda angeshindwa siku ya kwanza huko mkoani. Watoto wengi huenda na wachache hurudi na kikombe. Hata Shafali, kama ulivyoona, ameshindwa mara nyingi: sifuri ya mara ya kwanza, machozi ya Melbourne, fainali tatu za ligi pamoja na timu ya Delhi, mwaka 2023, 2024 na 2025, zote wakashindwa. Tofauti ni kwamba yeye alishindwa kiwanjani, akajua kipimo chake, akarudi tena. Binti yangu alishindwa nyuma ya mlango.

Wala sisemi kwamba mzazi aruhusu kila kitu. La, hasha. Mzazi ana haki ya kuuliza kambi iko wapi, nani analala na watoto, yuko mwalimu wa kike au hapana, na masomo yatakuwaje. Mtoto wa kike hukutana na hatari njiani, na mzazi asiyeuliza hayo hajui kazi yake. Lakini mimi sikuuliza hata moja. Kama ningaliuliza, mwalimu angalinijibu, nami ningaliweza hata kwenda naye kumtazama. Nalitafuta sababu ya kukataa, na mwenye kutafuta sababu haikosi. Baba wa Rohtak alipewa sababu ya kutosha mlangoni pa chuo, na hata hivyo akatafuta njia.

Sasa nimalizie. Miezi michache baada ya usiku ule, mjukuu wangu wa kike alileta karatasi kutoka shuleni. Yeye hana mbio za mama yake, ila anacheza mpira wa miguu, na alichaguliwa katika timu ya kata kwenda kushindana wilayani. Karatasi ilitaka sahihi ya mzazi au mlezi. Binti yangu akaniletea mimi, kama ilivyo desturi ya nyumba yetu, akasimama akingoja. Nikavaa miwani, nikaisoma mara mbili. Nikauliza yale maswali yote niliyokutajia. Mwalimu wa kike yupo. Watalala shuleni, na mtihani hauko karibu. Kisha nikamrudishia binti yangu karatasi pamoja na kalamu, nikamwambia, "Tia sahihi wewe. Ruhusa ya nyumba hii sasa ni yako."

Alitia sahihi pale pale, ameegemea mlango.

Timu yao ilifungwa siku ya pili. Mtoto alirudi amechubuka goti, viatu vya kuazima mkononi, akala ugali sahani mbili, akatusimulia mpaka usingizi ukamchukua katikati ya neno. Mama yake akamfunika kanga. Asubuhi naliwasikia wote wawili wakienda kisimani na ndoo zao, mtoto anasimulia tena habari zile zile na mama anacheka. Nikatoka nje kuwatazama. Walipofika kwenye mteremko, mama mtu, mwenye miaka 42 na ndoo mkononi, alianza kukimbia.

Wewe msomaji mwenye binti, yafaa ukumbuke kama yupo mwalimu aliyeketi chini ya mwembe wako akingoja jibu. Kama yupo, mwulize maswali yako yote, ila usimwache aondoke kabla hujamwita mtoto atoke nyuma ya mlango.